Orodha Safi

1

Pumzi kumi na nne.

Sista Tusekile alihesabu tena, maana mtu hukosea, na asubuhi hiyo aliomba sana awe amekosea. Alikazia macho kifua cha mtoto chini ya sweta la manjano, saa ya mkononi ameisogeza karibu na pua. Dakika nzima. Kumi na nne tena. Jana saa kama hiyo zilikuwa kumi na nane, na juzi ishirini na mbili.

Mashine ya kando ya kitanda haikuona tatizo lolote. Kioo chake kilikuwa kijani tupu, na chini yake maandishi: AMELALA. HALI NZURI. Ikaendelea na kazi yake ya kusukuma dawa kwenye mshipa wa mtoto, taratibu, bila haraka wala wasiwasi.

"Mbona unamwangalia hivyo, Sista?" Mama Lusungu aliuliza bila kuinua uso. Yeye kazi yake ilikuwa kufuma masweta, na tangu alazwe na mwanawe Jumatatu mikono yake haikupumzika. Alifuma kando ya kitanda, midomo ikihesabu mishono kimyakimya. "Si mmesema degedege limekatika?"

"Limekatika, mama."

"Basi amechoka tu. Mtoto wa miaka sita ametikiswa na homa vile, asilale?"

"Lazima alale," Tusekile alisema, akaisikia sauti yake ikitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Miaka ile hakuna muuguzi aliyehesabu pumzi kwa macho. Kwa nini ahesabu wakati mashine inahesabu? Tusekile alihesabu kwa sababu alifundishwa kazi na mzee mbishi, na mazoea ya kufundishwa na mtu mbishi hayatoki. Wenzake pale Hospitali ya Ikombelo, kule juu kwenye ukungu wa Rungwe, walimcheka. Walimwita bibi wa kale. Yeye alicheka nao, akaendelea kuhesabu.

Sasa hakucheka. Alimfunika Lusungu vizuri, akatoka wodini kwa hatua za kawaida, kwa sababu muuguzi akikimbia wodi nzima inakosa amani. Alipopita kona, hapo ndipo alipokimbia.

2

Chumba cha utafutaji kilikuwa kidogo, chenye kiti kimoja na kioo kimoja. Kioo hicho ndicho kilichokuwa mlango wa Ghala.

Ndani ya Ghala mlikuwa na kila utafiti uliowahi kuandikwa kuhusu kuuguza na afya ya binadamu. Mamilioni. Na sheria ilikuwa moja: hakuna dawa itakayopita kwenye mashine bila ushahidi, na ushahidi ni ule alioutoa Ghalani muuguzi mtafutaji. Mtafutaji aliandika maneno yake ya kutafutia, akayaunganisha, na mstari huo wakauita uzi. Ghala lilivuta tafiti zilizonaswa na uzi ule, mashine zikazisoma, zikapiga hesabu ya dozi, zikaanza kazi. Daktari hakugusa. Muuguzi hakugusa. Uzi ukishasainiwa, hospitali nyingine zisizo na mtafutaji ziliruhusiwa kuuchukua na kuutumia.

Sheria hiyo ilitungwa kwa nia njema, tusimwonee mtu. Kabla yake kila mmoja alitibu kwa alivyojisikia, na watu walikufa kwa majivuno ya watu wengine. Ila wale waliotunga sheria walisahau jambo dogo tu, kwamba uzi wenyewe unaandikwa na binadamu, na binadamu huyo siku nyingine ameamka na kichwa kinauma.

Tusekile aliufungua uzi wake wa degedege. Aliuandika wiki iliyopita kutafuta dozi ya sezalini, dawa ya kukata degedege, na ulianza kufanya kazi Jumatatu.

*(mtoto AU watoto AU mchanga) NA (degedege AU kifafa) NA homa NA sezalini SI (mtu mzima AU watu wazima)*

Aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa na maombi mengine tisa yanamsubiri. Uzi ulipokuwa bado hauna kipande cha mwisho, Ghala lilimletea tafiti elfu moja mia moja na arobaini, nyingi za watu wazima, na yeye alitaka za watoto. Akaongeza lile neno dogo, SI. Orodha ikashuka hadi mia mbili na kumi na mbili, zote watoto watupu, safi, haina takataka. Alitabasamu, akasaini.

Sasa alirudi kwenye uzi. Aliifuta SI na kila kilichofuata. Badala yake alifanya lile alilopaswa kufanya tangu mwanzo: aliingia kwenye vichwa vya mada vya Ghala lenyewe, akachagua *Watoto*, bila kumfukuza mtu yeyote.

Tafiti mia tatu tisini na moja.

Alikaa akiitazama ile namba. Mia tatu tisini na moja, toa mia mbili na kumi na mbili. Palikuwa na tafiti mia moja sabini na tisa zenye watoto ndani yake ambazo hajawahi kuziona, kwa sababu katika kila moja palikuwa pia na watu wazima. Aliwafukuza wakubwa, na wadogo wakatoka nao mlangoni.

Alianza kusoma. Ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili, ya tatu, hazina neno. Ya kumi na moja iliandikwa na wauguzi wa wodi sita za mseto, mahali ambapo wakubwa na wadogo walilazwa pamoja kwa kukosa nafasi. Watu wazima mia nane, watoto arobaini na saba. Watu wazima waliopewa sezalini hawakudhurika. Watoto tisa, kati ya wale waliokuwa na homa, pumzi zao zilipungua kidogo kidogo kuanzia siku ya pili. Walionekana wamelala. Mashine hazikushtuka, kwa sababu mtoto aliyelala hupumua taratibu. Siku ya nne pumzi zikakatika.

Watano hawakuamka.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Leo ilikuwa Alhamisi.

Akauliza Ghala: uzi huu unatumika wapi? Jibu halikuchelewa. Hospitali kumi na tisa. Watoto sitini na wawili, pamoja na Lusungu. Saba kati yao leo ni siku ya nne.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

3

Metroni Atuganile alikuwa ofisini kwake anapanga zamu. Alikuwa mama mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya kuongozea kwaya, na miaka thelathini na minne ya kazi miguuni mwake. Aliusoma ule utafiti mara mbili, akavua miwani.

"Mungu wangu. Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, dada."

"Funga mlango." Alipoona umefungwa, akasema haraka haraka, "Kwanza huyu mtoto wetu. Mruhusu. Andika amepona, anarudi nyumbani. Mashine itamwachia yenyewe."

Kwa woga wake Tusekile hakuwa amelifikiria hilo. Mashine haizimwi kwa mkono, lakini mgonjwa akiruhusiwa inafunga mrija na kujiondoa. Aliandika palepale. Muda si mrefu wakasikia kutoka wodini mlio ule wa mara tatu wa mashine ikiaga, na baada ya mlio, vigelegele. Mama Lusungu alikuwa anapiga vigelegele. Alidhani mwanawe amepona.

Wote wawili walitazama chini.

"Nimemweka Sista Bupe akae naye, amwamshe kila baada ya dakika mbili, asimwache alale kabisa," Metroni alisema, simu bado iko mkononi. "Atapona. Dawa itamtoka mwilini."

"Na wale sitini na mmoja?"

Metroni aliiweka simu mezani.

"Nikate uzi," Tusekile alisema.

"Unajua ukikata kinatokea nini."

Alijua. Mtafutaji akiukata uzi wake kwa kosa, nyuzi zake zote zinalazwa usingizi mpaka wakaguzi wa makao makuu wazipitie moja moja. Siku tatu, wakati mwingine tano. Dawa ya uzi wenye kosa husimama palepale; kwa nyuzi nyingine mashine hurudi muda wote huo kwenye dozi ya kitabu, ile ya kila mtu. Kupiga simu kuwaonya wenzake nako kulihesabiwa kuwa ni kukata. Na uzi mpya, hata uwe mzuri namna gani, ulikuwa unangoja siku mbili kabla haujafanya kazi.

Tusekile alikuwa na nyuzi hai themanini na tatu. Njiani kuja ofisini alizipitia zote kichwani, moja moja. Karibu wagonjwa wote, dozi ya kitabu ingewasumbua tu: kichefuchefu hapa, usingizi pale. Mmoja ingemuua.

"Mwalimu Anyosisye," Metroni alimsaidia kutamka.

Mwalimu alikuwa chumba namba tatu, moyo umechoka na figo zimechoka zaidi. Dawa ya kumshikia moyo aliipata kwa theluthi ya dozi ya kitabu, kwa uzi ambao Tusekile aliuandika kwa wiki mbili bila kulala vizuri. Ulikuwa uzi bora kuliko wote alioandika maishani. Dozi ya kitabu ingemmaliza kabla ya jua kuzama. Akiachishwa dawa kabisa, asingefika hata hapo.

"Sikiliza, mdogo wangu." Metroni aliinama mezani. "Wale sitini na mmoja huwaoni. Mwalimu unamwona. Huo utafiti wenyewe ni watoto arobaini na saba tu, na waliopata shida ni tisa. Pengine hakuna kitakachotokea. Wewe ukikata, unamwaga unga leo leo, na yule mzee tunamzika Jumamosi. Ukinyamaza siku mbili, uzi mpya unaingia, hakuna atakayejua."

"Kati ya hao tisa walikufa watano, dada."

"Nimesoma."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Metroni Atuganile hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kushinda siku nzima amepiga magoti sakafuni, ameshikilia kidonda cha mgonjwa kwa viganja. Alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Ningeogopa," alisema. "Kama ninavyoogopa sasa."

4

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uso gani huo? Nimekufa hawajaniambia?"

Mwalimu Anyosisye alikuwa amebaki mifupa na ubishi. Ndiye aliyefundisha darasa la kwanza kabisa la wauguzi watafutaji, na mpaka wanafunzi wake wanapata mvi bado walimwota akiwazomea. Tusekile alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amepanga kumweleza polepole, lakini maneno yakamtoka yote kwa mkupuo: pumzi za Lusungu, wodi za mseto, siku ya nne, zile hospitali kumi na tisa.

Mzee alisikiliza amefumba macho. "Nisomee uzi wako."

Akamsomea. Alipofika kwenye SI, mzee alikunja uso kana kwamba amechomwa sindano.

"Nilitaka orodha safi, Mwalimu."

"Nilikufundisha nini mimi?"

"Mwalimu, hatuna muda wa..."

"Nilikufundisha nini?"

Akajibu kama alivyojibu darasani miaka ishirini iliyopita. "Swali ligawe mara nne. Nani, unamfanyia nini, badala ya nini, ili iweje. Kila kipande kitafutie majina yake yote, maana ugonjwa mmoja watu huuita majina kumi. Majina unganisha kwa AU. Vipande unganisha kwa NA. Kisha uliza Ghala lenyewe linakiitaje hicho kitu, utumie na jina lake."

"Na SI?"

"SI usiiguse mpaka umesoma kile unachokitupa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haichagui. Ukiiambia iondoe watu wazima, inaondoa kila utafiti uliomtaja mtu mzima, hata kama watoto wamo humo humo."

"Alaa! Kumbe darasani ulikuwepo." Alifumbua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Tusekile zaidi. "Umeshakata?"

"Bado."

"Bado unangoja nini?"

Tusekile aliitazama mashine ya mzee, kile kioo cha kijani na namba ndogo aliyoitafuta kwa wiki mbili. "Uzi wako, Mwalimu. Utalazwa na wenyewe."

"Uzi wangu naujua, ninautazama kutwa kucha. Kata sasa hivi."

"Metroni anasema stoo bado zipo dripu za zamani, zile za kuhesabu matone. Nikuruhusu kwenye mashine, tukuwekee kwa mkono, halafu nikate. Nusu saa. Naomba nusu saa tu."

Kumwekea mtu dawa ya mshipa kwa mkono, nje ya mashine, kulikuwa na kifungo cha jela. Hilo mzee hakulitaja.

"Nusu saa ya nani?" aliuliza.

Tusekile alilisikia swali. Alilisikia vizuri kabisa, akainuka, akatoka mbio. Saa ya korido ilikuwa saa tatu na dakika hamsini.

5

Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa amekwenda kunywa chai. Metroni alimfuata mwenyewe, akamnyang'anya kishada kizima cha funguo bila salamu. Ufunguo wa tatu ukafungua. Ndani, nyuma ya vitanda vibovu, walilikuta boksi la mirija ya dripu ya kufundishia.

Mrija wa kwanza ulikuwa umekauka. Tusekile alipoukunja ukapasuka. Wa pili kigurudumu chake cha kubania kilikuwa kimeganda. Metroni kwa haraka akaangusha boksi zima, wakapiga magoti wote wawili kuokota, huku mmoja anasali na mwingine anatukana, na hata leo hawakubaliani ni nani alikuwa anafanya kipi. Wa tano ulikuwa mzima.

Wakachanganya dawa kwenye chupa. Wakapima. Wakapima tena, maana hapa kosa moja tu, kwaheri. Wakamruhusu Mwalimu kwenye mashine, mashine ikaaga kwa mlio wake wa mara tatu, na kabla ya mlio kuisha Tusekile alikuwa ameshaunganisha mrija. Tone la kwanza likaning'inia, likakataa kudondoka, moyo wake nao ukakataa kupiga. Likadondoka.

Matone kumi na moja kwa dakika. Yakifika kumi na tano moyo wa mzee ungekwenda mbio mpaka ukwame. Yakishuka chini ya manane, presha ingeanguka.

Mzee alimtazama yeye, si matone.

"Nenda," Metroni alisema, ameshika kile kigurudumu. "Nimeyashika. Nenda!"

Kwenye chumba cha utafutaji aliweka kidole chake juu ya kioo. KATA UZI? Ndiyo. SABABU? Aliandika: *Kosa langu. Nilitumia SI bila kusoma nilichokitupa.* Kioo kikamuuliza kama ana uhakika, kwa ile adabu ya mashine isiyojua inauliza nini. Akabonyeza.

Saa nne na dakika ishirini.

Nyuzi themanini na tatu zikageuka kijivu mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine, miaka kumi na tisa ya kazi. Jina lake juu ya kioo nalo likafifia. Lakini alichokuwa anakisubiri ni ile orodha nyingine ya hospitali. Mistari ikaanza kujibu. *Dawa imesimamishwa. Mtoto ameamshwa.* Inayofuata. *Dawa imesimamishwa.* Akawa anahesabu kwa sauti. Saba, kumi na mbili, thelathini. Alifika hamsini akaanza kulia, kulia kwa nafuu kabisa, kamasi na yote. Hamsini na tisa. Sitini.

Mstari wa mwisho haukuandika kama mingine.

*Mtoto, miaka minne, siku ya nne. Amefariki saa nne na dakika tano.*

6

Adhuhuri ukungu uliondoka, jua likaingia chumba namba tatu. Tusekile alikuwa ameketi mbele ya chupa, saa mkononi, tangu alipompokea Metroni. Wakaguzi walikuwa njiani. Wangefika kesho kutwa, na kabla yao pengine polisi. Hayo hayakumsumbua kama alivyodhani yangemsumbua. Alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, kupepesa macho.

Hakumwambia Mwalimu habari za ule mstari wa mwisho. Mzee hakuuliza.

Mlango ulifunguliwa. Hakugeuka, hakuweza, lakini alizijua zile ndala.

"Metroni ameniambia mwanangu hakupona," Mama Lusungu alisema. "Anasema alitolewa tu kwenye mashine. Anasema nikuulize wewe."

"Anaendeleaje?"

"Ameamka. Anakula ndizi. Nimekuuliza, Sista."

Tusekile akamweleza. Alieleza akitazama matone, na ilikuwa afadhali na ilikuwa mbaya zaidi, kuongea na mama bila kuuona uso wake. Alisema neno alilolitumia na kwa nini alilitumia. Alisema alihesabu pumzi kumi na nne na akajibu kwamba mtoto lazima alale. Hakujitetea. Nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya sindano za kufumia, maana yule mama alikuwa amekuja nazo, na mikono yake iliendelea kufuma yenyewe.

"Nilipiga vigelegele," Mama Lusungu alisema mwishowe. "Mkanisikia?"

"Tulikusikia."

"Mkaniacha."

"Tulikuacha, mama."

Sindano zikaendelea kidogo. "Na hao wengine uliosema?"

"Sitini wako hai."

"Umesema walikuwa sitini na mmoja."

Kitandani, Mwalimu Anyosisye alifumbua macho.

"Mmoja amefariki," Tusekile alisema. "Saa nne na dakika tano."

"Na wewe uliujua huo ubaya saa ngapi?"

Angeweza kusema saa nne. Nani angemuuliza? Tone likadondoka, akalihesabu. Tone jingine likadondoka.

"Saa tatu na nusu."

Sindano zikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, mikono ya Mama Lusungu ilikuwa imetulia. Mwalimu naye aliligeuza jicho lake kutoka kwenye uso wa Tusekile mpaka kwenye chupa, akaufuata mrija kwa macho, taratibu, mpaka ulipoingia kwenye mkono wake mwenyewe. Akautazama mkono ule kama si wake.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza.

"Miaka minne, Mwalimu."

Mzee akafumba macho, na machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. Hapo Tusekile akashindwa. Alijikaza, akauma midomo, lakini macho yalijaa, na chupa na mrija na matone vyote vikawa maji matupu. Alifuta kwa bega, yakajaa tena. Mangapi sasa? Sita? Saba? Mkono wake ulikuwa juu ya kigurudumu na hakujua kama afungue au abane.

"Sioni," alisema. "Mama, sioni matone. Niitie Metroni, haraka, sioni..."

Kiti kiliburutwa sakafuni. Alisikia sweta na uzi wake wa sufu vikitupwa chini, halafu bega la mtu likamsukuma pembeni, kwa nguvu, bila huruma.

"Mangapi?"

"Kumi na moja. Kwa dakika."

"Nipe hiyo saa." Mama Lusungu akainyakua mkononi mwake. Hakumtazama. "Mimi sijakusamehe, usije ukajidanganya. Yule ana mama yake huko aliko, na leo amepiga kelele ambayo mimi sikuipiga. Utakwenda kwake. Kwa miguu yako, utamwambia hizo nyakati mbili ulizoniambia mimi."

"Nitakwenda."

"Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Tusekile akasogea. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Kitandani mzee alipumua, akapumua tena, na Tusekile akajikuta anazihesabu pumzi zake, kwa sababu hajui kufanya jambo jingine.

Mama Lusungu alisogeza uso karibu na mrija, midomo ikaanza kucheza kama inavyocheza juu ya mishono.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Na uache kulia, unanipotezea hesabu."